Beetle inayozima mguu ukitoka kwenye mafuta: usinunue kabureta bado

SWALI: Mtaalamu, nina Volkswagen Beetle ya mwaka 1973 yenye injini ya 1600 na kabureta ya Solex 34 PICT-3. Dar es Salaam ilikwenda vizuri. Tangu niihamishie Iringa, injini ikipata moto inazima kila ninapoondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta. Fundi alikaza skrubu iliyo kwenye mkono unaovutwa na waya wa mafuta. Sasa haizimi, lakini inaunguruma kwa nguvu mno, na zile skrubu mbili za ubavuni nikizizungusha hazileti badiliko lolote. Nikikanyaga taratibu ili niondoke, inasita kama inataka kukata, kisha inashika kwa kishindo. Plagi zina masizi, kuna harufu ya petroli, na mafuta yanakwisha haraka. Distibuta ilibadilishwa siku chache kabla ya safari, na hii mpya haina mpira wa kwenda kwenye kabureta. Fundi anasema kabureta imekufa. Je, ninunue mpya?

JIBU: Ndugu yangu wa Iringa, usinunue kabureta bado. Barua yako ina dalili za kutosha kunifanya niamini kwamba uliyo nayo inaweza kupona, na kwamba imeshtakiwa kwa makosa ambayo mengine si yake. Kabureta huwa ya kwanza kulaumiwa kwa sababu iko mbele ya macho na ina skrubu zinazokaribisha bisibisi, ilhali inapaswa kuguswa mwisho, baada ya vali, platini (vile vipande vya ndani ya distibuta vinavyofunga na kufungua umeme wa cheche), plagi, taimingi (wakati wa kutoka kwa cheche) na hewa ya wizi (inayoingia bila kupimwa na kabureta) kuthibitishwa kuwa sawa. Ukiirekebisha kabureta wakati injini ina kasoro nyingine, unairekebisha ifanane na kasoro hiyo, na siku kasoro ikiondolewa utalazimika kuanza upya.

Niliwahi kuletewa Beetle ya mwalimu mstaafu ambaye alikuwa amekwisha kununua kabureta mbili kwa ugonjwa unaofanana na wako. Nilipofungua kofia ya distibuta nilikuta platini zinafunguka kwa unene wa karatasi tu, kwa sababu kile kipande cha plastiki kinachosugua kamu kilikuwa kimelika kwa kukosa grisi. Nilirudisha nafasi ya milimita 0.4, nikamfungia kabureta yake ya kwanza, ile ya kiwandani iliyokuwa imetupwa kwenye boksi la vyuma chakavu, na gari likatulia siku hiyohiyo. Ninakueleza haya kwa sababu nakala nyingi mpya zinazouzwa leo hazifikii kabureta ya asili kwa usahihi wa matundu yake; ukiitupa ya asili, huenda usiipate nyingine iliyo sawa nayo.

Kabla ya mengine yote, shughulikia harufu ya petroli, kwa kuwa hilo ni jambo la usalama wako na wa familia yako. Katika Solex hizi petroli huingia kwa kijibomba cha shaba ambacho kimeshindiliwa tu kwenye kifuniko cha juu, hakina uzi wa kukishikilia, na baada ya miaka mingi ya joto na mtikisiko kinaweza kulegea, kikachomoka injini ikiwa inazunguka na kumwaga petroli juu ya distibuta. Kishike kwa vidole, ujaribu kukizungusha na kukivuta. Kikicheza hata kidogo, usiliendeshe gari mpaka fundi wa mashine akichongee uzi na kukifunga upya. Mipira ya mafuta iliyokakamaa au yenye nyufa ibadilishwe yote, pamoja na vibano vyake, na kama kuna filta ya plastiki iliyoning'inia juu ya injini, ihamishie mbele karibu na tangi. Unapofanya kazi, tenganisha waya wa betri iliyo chini ya kiti cha nyuma, fanyia kazi nje penye hewa, na uwe na kizimamoto cha unga karibu. Petroli inayowaka haizimwi kwa ndoo ya maji.

Sasa nirudi kwenye dalili, kwa maana tatu kati ya hizo zinaelekea mahali pamoja. Injini ilizima ulipoondoa mguu, skrubu za ubavuni hazina athari, na injini inasita unapokanyaga taratibu. Kabureta hii ina njia mbili za petroli zinazotuhusu hapa. Njia kuu huanza kutoa mafuta pale tu hewa inapopita kwa kasi kwenye koo la kabureta. Njia ya pili ni ya mzunguko wa chini, ule ambao mafundi wetu huuita sailensi, na hiyo ndiyo inayoilisha injini gari likiwa limesimama, na pia katika hatua ya kwanza ya kukanyaga mafuta, kupitia tundu dogo lililo jirani na ukingo wa kipepeo, yaani lile bamba la duara la chini linalofunguka kwa pedeli. Njia hii ya pili ikiziba, injini haina cha kunywa mguu unapotoka. Fundi akilazimisha kipepeo kibaki wazi, njia kuu inaanza kuvujisha mafuta, injini inaunguruma, na skrubu za ubavuni, ambazo kazi yake yote iko kwenye njia ya pili, zinakuwa hazina la kufanya. Ukikanyaga taratibu, unapita kwenye pengo lilelile lisilo na mafuta kabla njia kuu haijashika sawasawa. Ndicho kishindo unachokisikia.

Kinachoziba njia hiyo mara nyingi ni kimojawapo kati ya viwili: uchafu ndani ya jeti ya sailensi, yaani kile kipande cha shaba chenye tundu dogo linalopima petroli ya njia hiyo, au solenoidi. Solenoidi ni kile kisilinda kidogo cha chuma kilichofungwa kwa uzi kwenye mwili wa kabureta, chenye waya mmoja. Ufunguo ukiwa wazi, umeme huvuta kijiti kilicho ndani yake na njia inafunguka. Ukizima, kijiti hurudi na kufunga, ili injini ya moto isiendelee kuzunguka baada ya ufunguo kutolewa. Fungua ufunguo bila kuwasha injini, chomoa waya huo, kisha uugusishe tena mahali pake huku sikio lako likiwa karibu. Utasikia mlio mdogo mkavu, "tak", na ukiweka kidole utauhisi. Usipousikia, pima kama waya una volti 12. Ukiwa na umeme na bado kimya, solenoidi imekufa, na hiyo ni kitu kidogo sana kulinganisha na bei ya kabureta nzima. Usiwashe ufunguo kwa dakika nyingi bila injini kuzunguka, kwa sababu platini zikiwa zimefunga, koili, inayotengeneza umeme wa cheche, huchemka.

Kama waya hauna umeme, basi nadhani tumekaribia kabisa mzizi wa jambo. Solenoidi na choki ya umeme hupata umeme kutoka sehemu moja, kwenye nguzo ya koili yenye namba 15. Distibuta yako ilibadilishwa siku chache kabla ya safari, na haiwezekani kubadilisha distibuta bila kushikashika nyaya za koili. Waya mmoja uliosahaulika, au uliobanwa vibaya, ungeiua solenoidi na choki kwa wakati mmoja. Choki hii ina springi iliyojiviringisha inayolegea kwa joto: umeme huipasha, na ndani ya dakika chache bamba la juu la kabureta husimama wima na kuacha hewa ipite yote. Isipopashwa, hubaki ikitegemea joto la mazingira. Dar es Salaam, penye nyuzi 30, springi hulegea yenyewe na huenda usione kasoro kubwa. Asubuhi ya Iringa yenye baridi hukaza, bamba linafunga, na injini inalazimishwa kunywa petroli nyingi kuliko hewa yake safari nzima. Hapo una masizi kwenye plagi, una harufu, na una mafuta yanayokwisha. Toa eakilina (chujio la hewa), washa injini ikiwa ya baridi, na utazame bamba hilo kwa macho yako. Baada ya dakika tano liwe limesimama wima. Kama bado limelala, umeona mwizi wa mafuta yako.

Hata ukikuta kosa hilo na kulirekebisha, ninakusihi usiishie hapo, kwa sababu injini inahitaji msingi kabla ya kurekebishwa. Vali zipimwe injini ikiwa imelala usiku kucha, si ya vuguvugu, na nafasi ya zote nane iwe milimita 0.15. Fila, yaani kibamba chembamba cha kupimia nafasi, ipite kwa kukwaruza kidogo, isipite bure na isikwame. Vali iliyobana huvujisha mgandamizo na kuleta mtetemeko kwenye sailensi ambao hakuna skrubu ya kabureta itakayouondoa. Platini ziwe milimita 0.4, zikipimwa wakati kipande kinachosugua kiko juu kabisa ya pembe ya kamu, na tone la grisi liwekwe hapo. Plagi zisafishwe au zibadilishwe, nafasi yake iwe kati ya milimita 0.6 na 0.7. Nyaya za plagi zifuate mpangilio wa 1-4-3-2.

Kuhusu distibuta yenyewe, tazama namba iliyochongwa ubavuni. Ikiwa inaishia na 009, umefungiwa Bosch ambayo huwahisha cheche kwa uzito tu, yaani kwa vipande viwili vya chuma vinavyotanuka injini inapoongeza mizunguko. Ni distibuta imara na haina makosa katika kazi iliyokusudiwa, lakini 34 PICT-3 ilibuniwa ifanye kazi pamoja na distibuta inayopokea mvuto wa injini kwa mpira. Unapokanyaga mafuta kidogo, mvuto huo huwahisha cheche papo hapo, kabla mizunguko haijapanda. Distibuta ya uzito peke yake husubiri mizunguko ipande kwanza, na katika kusubiri huko injini husita. Ninyi wenye magari haya mmelalamikia kusita huku kwa miaka mingi, na mafundi wengi wamejaribu kukuficha kwa kuongeza mafuta ya pampu au kupanua jeti. Ushauri wangu ni mmoja: kama distibuta yako ya zamani ipo, na kiwambo chake cha mpira hakijapasuka, irudishe. Nyonya kwa mdomo kwenye mpira wake: bamba lililobeba platini lizunguke kidogo na libaki hapo ukiziba kwa ulimi. Lisipobaki, kiwambo kimetoboka.

Kama haipo, weka 009 kwenye nyuzi 7.5 kabla ya pistoni kufika juu, injini ikiwa imezimwa, kisha uthibitishe kwa taa ya taimingi kwamba injini inapozidi mizunguko 3,000 kwa dakika, cheche haizidi nyuzi 32. Usipite hapo, kwa kuwa injini hizi zinazopozwa kwa hewa hazivumilii kugonga, yaani ule mlio wa cheche inayowahi mno. Vilevile, kila kijibomba cha kabureta kilichoachwa bila mpira kizibwe kwa kifuniko cha mpira kinachobana. Kijibomba kinachofungukia chini ya kipepeo kikiachwa wazi, injini inavuta hewa isiyopimwa mchana na usiku.

Hewa ya wizi ina njia nyingine pia. Injini yako ina manifoldi ya vipande vitatu, iliyounganishwa kwa mipira miwili yenye vibano, na mipira hiyo hupasuka upande wa chini usioonekana. Kuna gasketi chini ya kabureta. Kuna ekseli ya kipepeo, ambayo hula matundu yake kwenye mwili wa kabureta hadi ikawa inacheza. Wako wanaopulizia petroli au dawa ya kusafishia ili kusikiliza badiliko la mlio. Mimi sipendi kabisa tabia hiyo karibu na ekzosi ya moto. Tumia chupa ndogo ya kupulizia maji, iweke kwenye mvuke mwembamba, uelekeze kwenye mipira, kisha kwenye gasketi, kisha kwenye ncha mbili za ekseli, ukiepuka distibuta. Pale mlio unapobadilika au maji yanapofyonzwa, ndipo penye mwanya. Ekseli inayocheza kidogo inaweza kuvumiliwa. Ikicheza kiasi cha kuonekana kwa macho, mpelekee fundi wa mashine aweke bushi mpya za shaba.

Baada ya hayo yote ndipo tunaifungua kabureta. Kifuniko cha juu kinashikwa na skrubu tano. Kinyanyue taratibu, kiweke juu ya kitambaa cheupe, na kabla hujamwaga petroli iliyo kwenye bakuli, itazame kwa tochi. Ukiona vumbi jekundu limetulia chini, hiyo ni kutu ya tangi, na hakuna usafi wa kabureta utakaodumu mpaka tangi na filta vishughulikiwe. Ukiona matone yanayoteleza chini kama lulu, hayo ni maji. Toa boya ulitikise karibu na sikio. Likiwa na petroli ndani utaisikia ikicheza, na boya zito halifungi mafuta kwa wakati. Sindano ya boya, iliyoko chini ya kifuniko, ifunge kabisa unapoisukuma kwa kidole na kupuliza. Usisahau shimu, ile pete nyembamba iliyo chini yake: ikikosekana kiwango cha mafuta kwenye bakuli kitapanda. Pampu mpya ya mafuta inayosukuma kwa nguvu kupita kiasi nayo hushinda sindano nzima. Shinikizo likizidi sana 0.2 bar, ongeza gasketi chini ya pampu ili mwendo wake upungue.

Jeti kuu utaikuta nyuma ya boliti iliyo ubavuni mwa bakuli. Hapa nina ombi ambalo ninalitoa kwa kila anayenisikiliza: usiingize waya, sindano wala kipande cha breki ya baiskeli ndani ya jeti yoyote. Jeti ni shaba laini, tundu lake limetobolewa kwa kipimo cha sehemu za mia za milimita, na mkwaruzo mmoja usioonekana unabadilisha kiasi cha petroli kinachopita. Iloweke kwenye dawa ya kabureta, ipulize kwa kompresa kutoka pande zote mbili, kisha uielekeze kwenye mwanga: tundu liwe duara safi lenye ukingo mkali. Fanya vivyo hivyo kwa jeti ya sailensi na kwa njia zote za ndani, huku ukiwa umetoa vipande vyote vya mpira.

Kabla ya kufunga kifuniko, jaza bakuli, sukuma mkono wa kipepeo kwa kidole na utazame kijibomba chembamba cha shaba kinachoelekea kwenye koo. Kitoe mchirizi mmoja mwembamba wa petroli, ulionyooka, unaoanza mara ile ile mkono unapoanza kusogea, na ushuke hadi chini bila kugonga ukuta. Ukichelewa, ukitawanyika kama mate, au usipotoka kabisa, kiwambo cha pampu ya kuongezea mafuta kimekauka au kijibomba kimeziba. Hii ni sababu nyingine ya kusita, lakini ina tabia yake: husita zaidi unapokanyaga kwa ghafla kuliko unapokanyaga taratibu. Wewe umesema taratibu, ndiyo maana sikuianzia hapa.

Sasa marekebisho. Gari liwe limetembea dakika kumi au zaidi na choki iwe wazi kabisa. Anza kwa kuondoa alichokifanya fundi: legeza ile skrubu ya kwenye mkono mpaka iache nafasi kati yake na kamu ya choki, kile kipande chenye ngazi, ikaze polepole hadi iguse tu hatua ya chini kabisa ya kamu, ongeza robo ya mzunguko, na kuanzia hapo usiiguse tena, kwa kuwa skrubu hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kupandisha sailensi. Kisha zime injini, ukaze skrubu ndogo ya ubavuni, ambayo hupima mchanganyiko, kwa vidole viwili mpaka ikome yenyewe, bila kuilazimisha, kwani ncha yake kali ikishindiliwa huchora pete na haitapima tena sawasawa. Ifungue mizunguko miwili na nusu. Skrubu kubwa iliyo jirani yake nayo ikaze hadi mwisho, kisha uifungue kwa kiasi hichohicho.

Washa. Kwa kutumia skrubu kubwa peke yake, leta injini kwenye mizunguko 850 kwa dakika; kuifungua hupandisha, kuikaza hushusha. Halafu ushike ile ndogo na kuifungua kidogokidogo, ukisubiri sekunde kadhaa baada ya kila robo, mpaka injini ifike pale inapozunguka kwa kasi zaidi na kwa utulivu zaidi. Ukipita hapo utasikia inaanza kuwa nzito na ekzosi inabadilika mlio, kama mtu anayesema kwa pua. Rudi kwenye kilele chake, kisha ukaze taratibu mpaka mizunguko ishuke kwa 20 au 30 tu. Maliza kwa kurudisha 850 kwa skrubu kubwa. Kipima mizunguko kinasaidia sana, na multimita za mafundi umeme nyingi zinacho; lakini sikio lililozoea injini yake hufika karibu mno na hapo. Safari hii skrubu hizo mbili zitakujibu. Ile ndogo ikiendelea kutofanya kitu, ama jeti ya sailensi bado imeziba, ama kipepeo bado kiko wazi kupita kiasi, ama kuna hewa inayoingia mahali ambapo hujapaona. Rudi kwenye hayo matatu kabla ya kwenda mbele.

Limebaki suala la Iringa yenyewe. Mji wako uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda mlima Kitonga unaiacha nyuma karibu sehemu moja ya sita ya hewa ambayo injini ilikuwa ikivuta Dar es Salaam. Petroli haipungui kwa kiwango hichohicho, kwa sababu kabureta hupima kwa mvuto wa hewa na haiwezi kupima uzito wake, hivyo mchanganyiko unakuwa mzito kwa asilimia 8 hadi 10 hivi. Skrubu ndogo inarekebisha hali hii kwenye sailensi tu. Barabarani inayotawala ni jeti kuu. Namba iliyochongwa juu yake ni kipenyo cha tundu, ya 130 ikiwa na milimita 1.30, na kwa kuwa mtiririko hufuata eneo la tundu, kutoka 130 hadi 125 unapunguza petroli kwa takribani asilimia saba na nusu. Kama yako ni 130 na unaishi Iringa mwaka mzima, 125 inakufaa. Kama ni 127.5 na kila mwezi unashuka pwani, iache ilivyo na ukubali masizi kidogo ukiwa nyumbani, kwa sababu mchanganyiko mwepesi kupita kiasi kwenye joto la Morogoro na mwendo mrefu huchoma vali za injini inayopozwa kwa hewa, na hasara hiyo ni kubwa kuliko lita chache za petroli. Magari ya ukoo wa lako yalipanda na kushuka nyanda hizi kwa jeti ileile. Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda Safari ya Afrika Mashariki kwa Volkswagen, katika mashindano yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Nguvu zilizopotea kwa kukosa hewa, hata hivyo, hazirudishwi na jeti yoyote. Injini iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 50 itakuwa na 42 hivi hapo ulipo, na mlimani utabadilisha gia mapema kuliko ulivyozoea.

Baridi ya Juni na Julai inaleta jambo jingine dogo. Chini ya manifoldi kuna bomba jembamba linalopitisha moshi wa moto kutoka upande mmoja wa ekzosi hadi mwingine ili kuipasha manifoldi, na kwa miaka mingi huziba kwa masizi. Baada ya kuendesha dakika kumi, karibia kwa tahadhari pande zote mbili za bomba hilo: zote ziwe za moto mkali. Upande mmoja ukiwa baridi, petroli itaganda matone kwenye kuta za manifoldi asubuhi na gari litasita mpaka saa nne, hata kama kabureta ni safi kama ya dukani.

Ukishamaliza, funga plagi mpya au zilizosafishwa hadi zikang'aa, uendeshe kilomita 20 hivi kuelekea Ifunda kwa mwendo wa kawaida, na ukiwa bado kwenye mwendo huo kanyaga klachi, zima ufunguo, ujisogeze pembeni mahali salama na tambarare. Usiiache injini izunguke kwenye sailensi, kwa kuwa itafunika ushahidi. Acha zipoe kidogo, toa plagi zote nne, uzipange kwa namba zake. Kauri ya rangi ya biskuti inamaanisha jeti ni sahihi. Masizi makavu kwenye zote nne yanamaanisha bado kuna mafuta mengi, na hapo ndipo utashusha jeti namba moja. Nyeupe kama chokaa ni hatari, rudisha ile kubwa siku hiyohiyo. Moja ikitofautiana na tatu zilizobaki, iache kabureta ilivyo na urudi kwenye vali za silinda hiyo, waya wake wa plagi, na mpira wa manifoldi ulio upande wake.